Oili ya 2T: kwa nini mzee anasema 20 na kijana anasema 50

Swali linalojirudia vijijini ni hili: msumeno wa mashine uchanganyiwe oili kiasi gani? Mpasua mbao mzee atasema oili moja kwa petroli ishirini. Kijana atasema moja kwa hamsini. Kila mmoja ana sababu yake, na sababu hizo zimo katika historia ya mashine yenyewe.

Mwaka 1889, katika mji wa Bath, Uingereza, Joseph Day alibuni injini ambayo petroli yake hupitia kwanza chini, kwenye krankshafti, ndipo ipande kwenye silinda. Injini ya namna hii haina pa kuhifadhi oili kama pikipiki zetu za bodaboda. Oili inachanganywa na petroli, inalainisha beringi na pistoni ikipita, kisha inaungua. Faida yake ni kwamba injini ni nyepesi na inafanya kazi hata ukiilaza ubavu.

Mwaka 1929 Andreas Stihl wa Ujerumani alitoa msumeno wa petroli wa kilo 46, wa kubebwa na watu wawili. Mwaka 1959 kampuni yake ikatoa Contra, wa mtu mmoja.

Oili iliyotumika miaka ile ilikuwa ya injini za kawaida, haikutengenezwa ili iungue. Ilibidi itiwe nyingi: moja kwa 16, kwa 20 au kwa 25. Moshi ulikuwa mzito, na masizi yaliziba plagi na ekzosi. Baadaye zikaja oili maalumu za 2T, na kipimo kikashuka hadi moja kwa 50. Miaka ya 1990 Japani ikaweka madaraja ya JASO, kama FB na FC, ili mnunuzi ajue ubora wa oili.

Kwa hiyo kipimo cha 50 kilikuja pamoja na oili bora. Ukichukua kipimo cha kijana ukatia oili duni, pistoni itakwaruza silinda na injini itajamu. Hapo umepoteza mashine na msimu mzima wa kazi.

Zingatia haya:

1. Soma kitabu cha mashine. Vingine vinaruhusu 50 kwa oili ya kampuni hiyo tu, na kwa oili nyingine vinataka 33 au 25.
2. Chagua chupa iliyoandikwa JASO FB, FC au FD. Oili ya TC-W3 ni ya injini za boti, zinazopozwa kwa maji. Msumeno hupozwa kwa upepo na huchemka zaidi.
3. Usitie oili chafu iliyomwagwa kwenye gari.
4. Acha kupima kwa kizibo cha soda. Tumia bomba jipya la sindano la mililita 20: bomba moja kwa lita moja ya petroli ni kipimo cha 50. Mabomba mawili ni 25.
5. Changanya kwenye dumu safi, tikisa, ndipo ujaze.

Nawe muuza duka, usipime oili kwa kukisia. Mteja wako akiua injini, hana mbao za kuuza wala hela ya kurudi dukani kwako.

Kazi njema.