Hamamu ya Mmoja na Dawa ya Wote

Msafiri atokaye mjini Unguja akashika njia ya Bububu, kisha akapanda kuelekea mashamba ya karafuu, hufika Kidichi, mahali palipoinuka kuliko sehemu nyingi za kisiwa. Hapo, kati ya minazi na mikarafuu, aiona nyumba nyeupe yenye makuba. Hiyo ndiyo hamamu aliyoijenga Sayyid Said katika mwaka wa 1850 kwa ajili ya mkewe, binti wa ukoo wa wafalme wa Uajemi. Ndani yake mna vyumba vya kuogea na mahali pa kupashia maji moto, na kuta zake zimenakshiwa maua, mitende na ndege kwa desturi ya Kiajemi.

Wengi wetu tumeiona tukazistaajabia nakshi zake. Lakini ni wachache waliojiuliza hivi: Katika mwaka ule wa 1850, mtumwa aliyechuma karafuu katika mashamba haya alipopatwa na homa, alikwenda wapi? Hakuwa na pa kwenda ila kwa bwana wake, na kwa mganga wa miti-shamba, na kwa jirani mwenye huruma. Bwana akiwa mwema, mgonjwa alitunzwa. Bwana akiwa mgumu, mgonjwa aliachwa na Mungu wake. Basi twataka kuwaeleza wasomaji wetu habari za safari ndefu, tangu maji yaliyopashwa moto kwa ajili ya nyumba moja hata dawa itolewayo kwa watu wote, na kuonyesha kwa nini safari hiyo haijafika mwisho.

Mwalimu wa kwanza katika jambo hili alikuwa mkali sana, naye ni kipindupindu. Ugonjwa huo uliingia Unguja mara kadha wa kadha katika karne ya kumi na tisa, na pigo kubwa lilikuwa lile la mwaka wa 1869 na 1870. Wakati huo alikuwako mjini daktari mmoja, James Christie, ambaye baadaye, katika mwaka wa 1876, alitoa kitabu juu ya safari za kipindupindu katika Afrika ya Mashariki. Aliifuatia njia ya ugonjwa akaona jinsi ulivyosafiri pamoja na wafanya biashara, ukapita bara, ukashuka pwani, kisha ukavuka bahari mpaka kisiwani. Watu walikufa kwa maelfu. Maskini ndio waliokufa kwa wingi, lakini maradhi hayakubisha hodi kwenye milango ya matajiri, yaliingia tu. Hapo watu walijifunza ya kuwa mji ni mwili mmoja, na uchafu wa kisima cha mnyonge waweza kufika katika kikombe cha mkuu.

Sayyid Barghash alitawala tangu mwaka wa 1870 hata 1888. Yeye aliyaleta mjini kwa mabomba maji safi ya chemchemi za Bububu, chini ya vilima hivi vyetu. Na tulinganishe mambo haya mawili: baba alijenga hamamu juu ya kilima kwa ajili ya mkewe, mwana aliyachukua maji ya bondeni akawapelekea watu wa mji. Walakini watu wa shamba, walioishi karibu na chemchemi yenyewe, waliendelea kuteka maji kwa mitungi kama zamani.

Baada ya hayo zikaja kazi za sadaka. Katika mwaka wa 1887 Tharia Topan, tajiri wa Kihindi, aliweka jiwe la msingi la nyumba kubwa karibu na bandari, iwe hospitali ya maskini. Alifariki mwaka wa 1891 kazi haijakwisha, na mjane wake aliiendeleza hata ikatimia katika mwaka wa 1894. Mwaka wa 1900 nyumba hiyo ilinunuliwa na Haji Nasser Nurmohamed. Ikawa chini hutolewa dawa kwa wahitaji, na juu ni makao ya watu. Mpaka leo wenyeji waijua kwa roshani zake za mbao zilizochongwa. Katika miaka hiyohiyo ya 1890 Misheni ya Universities ilikuwa na hospitali yake Mkunazini, kando ya kanisa lililojengwa mahali pa soko la watumwa lililofungwa mwaka wa 1873. Na huko Walezo, nje ya mji, Masista Wakatoliki waliwatunza maskini na wenye ukoma.

Kazi hizi zilikuwa njema, na hatupendi kuzidharau. Utumwa ulipovunjwa kwa sheria ya mwaka wa 1897, watu wengi walibaki huru lakini hawana shamba, hawana jamaa, wala hawana mtu wa kuwapa uji wakiugua. Kwao mlango wa sadaka ulikuwa ndio mlango wa uzima. Lakini sadaka ina udhaifu wake: hutegemea moyo wa mtoaji na urefu wa maisha yake. Tena nyumba hizo zilikuwa mjini au kando ya mji, na mama wa shamba aliyebeba mtoto mwenye homa alipaswa kwenda mwendo mrefu kwa miguu. Serikali ya wakati wa Waingereza nayo ilijenga hospitali, na polepole ikafungua nyumba za dawa mashamba, lakini matunzo yalitofautiana kwa taifa la mgonjwa.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Serikali ya Mzee Abeid Amani Karume ilitangaza ya kuwa matibabu yatolewe bure kwa wote. Hospitali kubwa ya Mnazi Mmoja ikaitwa kwa muda jina la Lenin, na waganga kutoka Uchina wakaja kusaidia, nao wamekuwa wakipokezana tangu siku zile. Katika miaka iliyofuata vituo vya afya vilijengwa vijijini, ili mtu asihitaji kufika mjini kwa kila jeraha na kila homa. Jambo kubwa hapo halikuwa kuta za vituo, bali neno lenyewe: kwamba mgonjwa hapokei tena fadhili ya tajiri, bali anapokea haki yake.

Lakini neno peke yake haliponyi mtu, na hili twalijua kwa habari ya malaria. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 Serikali, kwa msaada wa Shirika la Afya la Ulimwengu, ilipiga vita na ugonjwa huo. Watu walikwenda nyumba kwa nyumba wakipuliza dawa ya kuua mbu. Kabla ya kazi hiyo zaidi ya nusu ya watu waliopimwa Unguja walikuwa na vijidudu vya malaria katika damu. Kazi ilipokaribia mwisho walikuwa wamepungua sana. Basi katika mwaka wa 1968 kazi ilisimamishwa. Mbu hakusimama. Miaka haikuwa mingi homa ikarudi, na watoto wakafa tena kwa ugonjwa uliokwisha kushindwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi tuliujenga ukuta huo kwa makaburi madogo.

Ilipita miaka zaidi ya thelathini kabla ushindi haujapatikana tena. Mwaka wa 2003 ililetwa dawa mpya ya mseto, iliyotolewa bure. Tangu mwaka wa 2006 vyandarua vyenye dawa viligawanywa kwa wingi na nyumba zikapulizwa upya. Kabla ya mwaka wa 2010 wenye vijidudu walikuwa chini ya mmoja katika mia. Adui ni yuleyule, na kisiwa ni kilekile. Kilichobadilika ni kwamba safari hii kazi ilipokwisha kushinda haikuachwa.

Siku hizi watu wa kujitolea zaidi ya 2,000 huzunguka vijijini Unguja na Pemba katika kazi iitwayo Jamii ni Afya. Huwatembelea wajawazito na watoto wachanga, na simu ya mkononi huwaongoza maswali ya kuuliza na kuwaonyesha dalili za hatari. Tena katika mwaka wa 2023 Serikali ilianzisha Mfuko wa Huduma za Afya, ambao watumishi wake walianza kuuchangia kwanza, ili fedha za matibabu zisikauke.

Wako wanaonung'unika wakisema, «Kama ni bure, kwa nini tuchange?» Tuwajibu kwa upole. Dawa ya bure si dawa isiyo na gharama. Ni dawa ambayo gharama yake imelipwa kabla ya mgonjwa kuugua, kwa kodi ya mchuuzi, kwa mshahara wa mtumishi, na kwa miguu ya mama anayejitolea. Lakini nao wenye kuutunza mfuko huo hawana budi kukumbuka kwamba yupo asiye na mshahara wala duka. Siku atakapogeuka mlangoni kwa kukosa fedha, tutakuwa tumerudi mwaka wa 1850, tukingojea wema wa bwana.

Basi tupitapo Kidichi tuitazame ile hamamu. Kuta zake ni nzuri bado, lakini maji yake yamekauka zamani, kwa kuwa yalikuwa ya mtu mmoja, naye hayupo tena. Kilicho cha wote hakifi kwa kifo cha mmoja. Hufa wote wakikiacha. Mwenye chandarua akitandike, mwenye kisima akifunike, na mwenye mtoto ampeleke kituoni mapema.