Majina ya Miaka, Uchina na Kwetu

Mwaka 2013 wataalamu walipata sarafu ya Kichina katika kisiwa cha Manda, karibu na Lamu. Ina tundu la mraba katikati. Haikuandikwa jina la mtu wala tarakimu ya mwaka, bali neno Yongle, maana yake "furaha ya daima". Ndilo jina ambalo mfalme mmoja aliipa miaka ya utawala wake, 1403 hadi 1424.

Desturi hiyo ilianza zamani za mfalme Wudi, zaidi ya miaka 100 kabla ya Kristo. Mfalme alichagua maneno ya heri, na watu wakahesabu: Yongle mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kukitokea msiba au ishara njema, aliweza kubadili jina, na hesabu ikaanza upya. Wudi alibadili mara nyingi. Makarani wake hawakukosa kazi! Tangu 1368 karibu kila mfalme alikaa na jina moja. La mwisho, Xuantong, lilikoma 1912.

Na huku Kabambare? Wazee walisema: huyu alizaliwa wakati wa Rumaliza, yule wakati wa Bula Matari, maana askari wa Dola waliingia hapa mwaka 1894. Bula Matari, yaani mvunja mawe, lilikuwa kwanza jina la Stanley. Watu ndio waliolitandaza juu ya serikali nzima. Wachina walipewa jina kabla ya kuiona miaka yenyewe. Kwetu watu waliiona kwanza, wakaiita baadaye. Hata leo mzee akisema "wakati wa Mulele", hatajiwi tarakimu 1964. Anaulizwa alikimbilia wapi.