Retinoidi si vitamini ya kung'arisha uso

Kijana wa Ngokolo, mjini Shinyanga, akienda duka la dawa kutafuta tiba ya chunusi huenda akaambiwa, "Paka hii, ni vitamini A." Jibu hilo lina ukweli nusu. Jina kamili ni retinoidi: ukoo wa kemikali unaojumuisha vitamini A yenyewe na nyingine zinazofanya kazi kama yake. Shina la neno ni retina, utando wa nyuma ya jicho ambako vitamini hiyo hutuwezesha kuona.

Za kupaka zinazojulikana zaidi ni tretinoini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1971, na adapaleni, iliyofuata mwaka 1996. Chunusi huanza pale seli zilizokufa zinapogandamana na mafuta ya ngozi na kuziba kinyweleo. Retinoidi huzuia kizibo hicho kisijengeke. Ndiyo maana haidonolewi juu ya kipele kimoja kimoja. Usiku, uso ukiwa mkavu, kiasi cha punje ya dengu husambazwa eneo lote lenye chunusi. Wiki za mwanzo ngozi huwasha, hubabuka, na vipele vinaweza kuzidi. Wengi huitupa hapo, ilhali nafuu huonekana baada ya wiki 8 hadi 12.

Tafsiri ya "vitamini ya kupaka" inarahisisha mno. Vitamini kwetu ni matone anayopewa mtoto kliniki au viazi lishe mezani, vitu visivyotiliwa shaka. Mjamzito akisikia hivyo hataogopa, na retinoidi haipaswi kutumiwa wakati wa ujauzito. Ya vidonge, isotretinoini, husababisha ulemavu mkubwa kwa mtoto aliye tumboni.

Tena, retinoidi si mkorogo. Krimu za kujichubua huweza kuwa na steroidi kali, ambazo zenyewe huzalisha chunusi, au zebaki, ileile ambayo wachimbaji wadogo wa Geita hukamatia dhahabu.

Kwa hiyo tuseme "retinoidi ya kupaka", na tuliandike jina la dawa yenyewe pembeni: tretinoini au adapaleni. Ukiuziwa krimu ya chunusi, soma jina hilo kwenye boksi kabla ya kulipa. Kama halipo, mwulize mfamasia. Akishindwa kulitaja, usinunue.