Blu-ray na HD DVD: Vita vya diski vilivyomwacha mnunuzi na hasara

Mnamo Februari 19, 2008, kampuni ya Toshiba ya Japani ilitangaza kwamba ingekoma kutengeneza mitambo ya HD DVD. Tangazo hilo lilihitimisha ushindani uliodumu madukani kwa muda usiotimia hata miaka miwili. Aliyekuwa amenunua mtambo huo Krismasi iliyotangulia alijikuta na chombo kipya sebuleni ambacho hakingetolewa filamu mpya tena.

Chanzo cha mvutano huo kilikuwa mwanga. Diski ya DVD, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1996, husomwa kwa leza nyekundu yenye urefu wa wimbi wa nanomita 650. Tabaka moja la diski hiyo hubeba gigabaiti 4.7 tu, kiasi kisichotosha filamu nzima yenye picha za ubora wa juu, yaani nukta 1,920 kwa 1,080. Wahandisi walihitaji mwale mwembamba zaidi ili vijishimo vinavyohifadhi picha viweze kupunguzwa ukubwa na kusongamanishwa. Leza ya rangi ya buluu iliyokaribia zambarau, yenye nanomita 405, iliwapa mwale huo.

Kambi zote mbili zilitumia leza hiyo hiyo. Zilichotofautiana ni kina cha kuhifadhi data. Toshiba na NEC ziliyaweka maandishi ya HD DVD milimita 0.6 chini ya uso wa diski, sawa na DVD ya kawaida, ili viwanda vilivyokuwepo viweze kurekebishwa bila gharama kubwa. Kila tabaka lilibeba gigabaiti 15. Kundi la Blu-ray, lililotangazwa Februari 2002 na kampuni tisa zikiwemo Sony, Panasonic na Philips, liliyasogeza maandishi hadi milimita 0.1 tu kutoka usoni. Kwa njia hiyo tabaka moja lilipata gigabaiti 25, lakini viwanda vilihitaji mitambo mipya, na diski yenyewe ilikuwa rahisi kuharibiwa na mikwaruzo. Mitambo ya kwanza ya kurekodi ya Sony, iliyouzwa Japani mwaka 2003, ilitumia diski zilizofungiwa ndani ya kasha la plastiki. Baadaye ulibuniwa utando mgumu wa kuzikinga, na kasha likaachwa.

Mwaka 2005 pande hizo zilijaribu kuafikiana juu ya diski moja, lakini mazungumzo yakavunjika. Mwaka uliofuata kila upande uliingia sokoni kivyake. Nchini Marekani, mtambo wa kwanza wa Toshiba uliuzwa kwa dola 499 mwezi wa Aprili. Ule wa kwanza wa Blu-ray, uliotengenezwa na Samsung, ulifuata mwezi wa Juni kwa dola 999. Kwa macho ya mtazamaji wa kawaida, picha za mitambo hiyo miwili hazikuwa na tofauti ya kutajika. Hata mbinu za kubana picha zilikuwa zile zile.

Basi kilichoamua mshindi hakikuwa jicho la mtazamaji, bali filamu zenyewe. Sony ilimiliki studio yake ya filamu, na Disney pamoja na Fox zikaegemea Blu-ray. Universal ilisimama na HD DVD peke yake. Paramount na Warner zilitoa filamu kwa pande zote mbili, hadi Agosti 2007, Paramount na DreamWorks Animation zilipohamia HD DVD. Gazeti la New York Times liliripoti kwamba zilipewa motisha ya dola milioni 150 kwa pamoja. Mnunuzi aliyetaka filamu za studio zote alilazimika kuwa na mitambo miwili, au kugharimia ule wa LG uliosoma aina zote mbili, uliotolewa mwaka 2007 kwa dola 1,199.

Isitoshe, Sony ilikuwa na silaha ambayo wengi hawakuihesabu kuwa mtambo wa filamu. PlayStation 3, iliyoingia sokoni Novemba 2006, ilisoma Blu-ray bila kuongezewa chochote. Vijana walinunua mchezo, na mtambo wa filamu ukaingia nyumbani kwa mlango wa nyuma. Microsoft nayo iliuza kisomaji cha HD DVD kando na Xbox 360, kwa dola 199 za ziada.

Toshiba ilijibu kwa kushusha bei. Mnamo Novemba 2007 duka la Walmart liliuza mtambo wake kwa chini ya dola 100 kwa muda mfupi. Lakini Januari 4, 2008, Warner ilitangaza kubaki na Blu-ray pekee. Ndani ya wiki chache Netflix, Best Buy na Walmart zikafuata. Fahali walipopigana, nyasi hazikusahauliwa kabisa: Best Buy iliwapa wateja wake walionunua mitambo ya HD DVD kadi za ununuzi za dola 50. Toshiba yenyewe ilianza kuuza mitambo ya Blu-ray mwaka 2009.

Anayenunua mtambo sasa hakabiliwi na vita hivyo, ila bado yapo mambo ya kukaguliwa kabla ya kutoa fedha. Tangu mwaka 2016 kuna diski za Ultra HD Blu-ray, zenye nukta 3,840 kwa 2,160. Mtambo wa kawaida wa Blu-ray hauwezi kuzisoma, ilhali wa Ultra HD husoma hizo, Blu-ray za awali na hata DVD. PlayStation 4 haizisomi. PlayStation 5 yenye sehemu ya diski huzisoma.

Jambo ambalo aghalabu huwanasa Wakenya ni mgawanyo wa kanda. Kwa DVD, Kenya imo katika kanda ya 5 na Uingereza ya 2. Kwa Blu-ray, nchi zote mbili zimo katika kanda ya B, nayo Marekani imo katika A. Kwa hivyo diski ya Blu-ray iliyonunuliwa London inafaa mtambo wa Nairobi, lakini iliyotumwa na jamaa aliye Marekani huenda ikakataliwa, isipokuwa iwe imetolewa bila kufungiwa kanda. Diski za Ultra HD hazifungiwi kanda, ingawa Blu-ray ya kawaida iliyo katika pakiti hiyo hiyo yaweza kufungiwa. Mtambo uliotoka Marekani utazamwe pia nyuma: ikiwa umeandikwa volti 120 pekee, umeme wa hapa, wenye volti 240, utauunguza.

Watengenezaji nao wanazidi kupungua. Oppo iliacha kuunda mitambo mipya mwaka 2018, na Samsung ikajiondoa katika soko la Marekani mwaka 2019. Netflix ilituma diski yake ya mwisho Septemba 2023, na Best Buy ikaacha kuuza filamu za diski mwaka 2024. Mwenye rafu iliyojaa Blu-ray, ambaye mtambo wake umeanza kukwama, afadhali asisubiri ufe kabisa ndipo atafute mwingine.