"Leo" ya Kompyuta Ni ya Lini?

Wasee, leo siongei siasa. Naongea kuhusu neno moja dogo ambalo karibu livunje chama chetu. Neno lenyewe ni "leo".

Mimi ndiye kijana wa kompyuta kwenye chama cha mama yangu. Si mnajua vile huwa, ukionekana na laptopu basi umekuwa fundi wa kila kitu. Mwaka jana nilipewa daftari la mikopo nilihamishie kwenye orodha ya mtandaoni, ili kila mtu ajionee kwa simu yake. Sheria ni rahisi: mkopo ni wa siku 30, ukizidisha unalipa faini ya shilingi 50 kwa kila siku. Nikaweka safu ya tarehe ya mkopo, safu ya salio, na safu ya tatu inayojihesabu yenyewe: leo, toa tarehe ya mkopo. Nikajiona profesa.

Wiki ya sita, orodha ikamtoa shosho mmoja muuza mboga. Siku 42, faini shilingi 600. Huyu shosho alikopa 5,000 na kila Jumatano analeta 500 bila kukosa. Siku ileile aliyokopa, kuna jamaa alichukua 20,000 na tangu hapo ni kimya, hajaleta hata ndururu. Orodha ikasema jamaa ana siku 0. Hana faini.

Shosho akaniangalia mbele ya mkutano wote. "Mjukuu wangu, mimi nalipa, huyu halipi. Mbona deni lake halizeeki?"

Sikuwa na jibu. Nililipata usiku, na niseme wazi kwamba programu haikuwa na makosa. Kosa lilikuwa langu. Lakini nilipoanza kuchimba, nikakuta ni kosa lenye historia.

Tuanze na daftari la karatasi. Daftari halina safu ya "leo" kabisa. Mweka hazina anaandika tarehe uliyokopa, basi. Siku ya mkutano anaangalia kalenda ukutani na kuhesabu. Leo iko kwa kichwa chake, haiko kwa karatasi, na ndiyo maana haichachi.

Mwaka 1979 Dan Bricklin na Bob Frankston walitoa VisiCalc, jedwali la hesabu lililotumika kwenye Apple II. Uchawi wake ulikuwa huu: badilisha namba moja, na zote zinazoitegemea zinajihesabu upya. Mwaka 1983 ikaja Lotus 1-2-3, kisha 1985 Excel, iliyoanzia kwa Macintosh. Ndani ya majedwali haya tarehe ni namba tu ya siku. Kwenye Excel ya Windows, 1 Januari 1900 ni siku ya 1, na 1 Januari 2025 ni siku ya 45658. Ndiyo maana unaweza kutoa tarehe moja kwa nyingine kama unatoa maembe.

Hata hapo kuna vituko. Lotus ilihesabu 29 Februari 1900, siku ambayo haikuwahi kuwepo duniani. Excel ikalirithi kosa hilo makusudi ili hesabu zake zipatane na mafaili ya Lotus, na mpaka sasa liko. Fikiria, siku hewa kama mfanyakazi hewa, na iko kwa orodha kila mahali.

Sasa, Excel ukiiambia TODAY, inajihesabu upya kila ukifungua faili. Faili ni lako, kompyuta ni yako, hakuna shida. Mambo yalibadilika orodha zilipohamia kwenye seva, watu wengi wakitumia orodha moja. SharePoint ya Microsoft, iliyotoka 2001, ni mfano unaojulikana sana maofisini. Kwenye orodha zake, safu inayojihesabu hufanya hesabu pale mstari unapohifadhiwa, kisha jibu linawekwa kabatini. Ukifungua orodha kesho, unaletewa jibu lililowekwa. Hakuna anayehesabu tena.

Kwani ni uvivu? Hapana. Ukitaka kupanga na kuchuja maelfu ya mistari haraka, majibu lazima yawe yametulia. Jibu linalojibadilisha lenyewe kila usiku wa manane litaharibu mpangilio wote. SQL Server hukataa kuhifadhi au kuwekea faharasa safu ya hesabu inayotegemea saa ya sasa. PostgreSQL ilipoleta safu za namna hii kwenye toleo la 12, mwaka 2019, nayo ilikataa. SharePoint pia ilikuwa ikikataa Today ndani ya safu ya hesabu.

Lakini binadamu ni nani bila njia ya mkato? Watu waligundua ujanja: unda safu ya kawaida, iite Today, itumie kwenye fomula, halafu ifute. Fomula inapita! Ujanja huu ulifundishwa na kurudiwa kwa miaka, na kila aliyeujaribu aliona unafanya kazi, kwa sababu aliujaribu leo. Kesho yake "leo" ilibaki ileile ya siku mstari ulipoguswa mara ya mwisho.

Njia yangu ya mkato ilikuwa ya ukoo huohuo. Kila Jumatano shosho akilipa, mweka hazina aligusa mstari wake, na siku zake zikahesabiwa upya. Mstari wa jamaa haukuguswa na mtu. Leo yake ilikuwa bado siku aliyokopa. Kwa ufupi, nilikuwa nimetengeneza orodha inayomwadhibu mlipaji na kumficha mtoro.

Na hata ukisharekebisha hapo, kuna swali lingine: leo ya nani? Nairobi iko saa 3 mbele ya Greenwich. Seva ikifuata saa ya Greenwich, kwetu mpaka saa tisa usiku kwake bado ni jana. Ikifuata saa ya California, ni jana mpaka saa nne au saa tano asubuhi, kutegemea msimu. Na msidhani hizo saa 3 zilishuka kutoka mbinguni. Kuna wakati Kenya ya ukoloni ilikuwa mbele kwa saa 2 na dakika 45. Kwa desturi ya Waswahili wa pwani, siku mpya huanza magharibi jua likizama, wala haingoji usiku wa manane. Leo ni makubaliano ya watu. Kompyuta inapokea tu yale tuliyoiambia.

Dawa yake, kumbe, ni ile ya daftari. Hifadhi kitu kisichobadilika. Nilifuta safu ya siku na kuweka tarehe ya mwisho ya kulipa, yaani tarehe ya mkopo ongeza 30. Hiyo haizeeki. Kisha nikaiambia orodha, wakati wa kuonyesha, itoe wale ambao tarehe yao imeshapita leo. Leo inaulizwa pale mtu anapoangalia, kama mweka hazina na kalenda yake ukutani. Na saa nikaiweka ya Nairobi.

Maoni yangu ni haya. Siku hizi madeni yetu na faini zetu vinahesabiwa na orodha ambazo hatujui zilihesabu lini. Ukiambiwa "mfumo unasema", uliza mfumo ulisema siku gani.

Mkutano uliofuata nilifungua orodha mpya. Jamaa akatokea juu kabisa, siku 49, faini shilingi 950. Wanachama wakakubaliana shosho arudishiwe 600 zake, kwa sababu alikuwa akilipa kila wiki. Nikamwomba msamaha mbele ya wote. Akapokea pesa, akazihesabu mara mbili, akaniambia, "Sasa limezeeka."