Hawala ya Mali Iliyo Njiani

Neno hawala, ambalo asili yake ni Kiarabu na ambalo katika sheria ya Kiislamu lamaanisha kulihamisha deni kutoka dhima ya mtu mmoja hadi dhima ya mwingine, ndilo nionalo lastahili ile hati ambayo muuzaji wa pamba, akiisha kuipakia shehena yake katika gari la moshi, humwandikia mnunuzi aliye mbali akimtaka alipe mara aionapo. Huko Marekani, sheria ya mikopo ya kilimo ya mwaka 1923 iliziruhusu benki za Federal Reserve kuzinunua hawala za namna hiyo, maadamu mazao yenyewe si ya kuoza, yana soko la hakika, na hati ya shehena imeambatishwa iwe rahani; wala haikujuzu kuzishika zaidi ya siku 90.

Wako waiitao hundi, nami siafiki: hundi, ijapokuwa ilipotujia kutoka Bara Hindi ilikuwa na maana pana zaidi, leo ni amri ya mtu kwa benki yake juu ya fedha aliyokwisha kuiweka, hali hawala hii yamdai mtu mwingine, na dhamana yake ni marobota yaliyo bado safarini.