Ukaguzi wa Nyama na Maziwa katika Bonde la Kilombero

Wazee wa Kindamba walitegemea samaki na nyama ya mwitu kwa kitoweo. Ng'ombe hawakuwa wengi, kwa sababu mbung'o walilitawala bonde. Kwa hiyo desturi ya kukagua nyama ya ng'ombe haina mizizi mirefu Ifakara. Samaki alihukumiwa kwa jicho lake na mashavu yake, na mwenye kuhukumu ni mnunuzi.

Lugha nayo yafaa kuangaliwa. Zamani za Waingereza "Bwana Nyama" alikuwa mtu wa idara ya wanyama wa porini, wala hakuwa na kazi na bucha. Maana neno nyama lachukua mnyama aliye hai pamoja na mnofu wake. Mkaguzi wa chakula aliitwa Bwana Afya, na jina hilo limedumu.

Tangu miaka ya 1980 Wasukuma, Wamaasai na Wabarbaig waliingia bondeni na makundi yao. Mwaka 2012 Serikali iliwaondoa ng'ombe wengi ili kuyaokoa maji na majani. Lakini nyama na maziwa vilikuwa vimekwisha kuzoewa sokoni. Katika ukaguzi mnyama hutazamwa akiwa hai. Akisha kuchinjwa, mapafu, ini na matezi hupasuliwa, kutafuta kifua kikuu, mabuu ya tegu na minyoo ya ini. Nyama safi hupigwa muhuri.

Walakini muhuri hushuhudia kilichoonwa na jicho tu. Homa ya Bonde la Ufa, iliyotambuliwa karibu na Naivasha, Kenya, katika 1930 na 1931, ilizuka tena Tanzania mwaka 2007. Baadaye wataalamu wa Ifakara walipima damu ya mifugo ya bonde hili, na katika habari yao ya 2013 walionyesha alama za ugonjwa hata kwa wanyama waliozaliwa baada ya mlipuko ule. Yaani homa ilipita kimya kimya, wala hapana aliyepiga mbiu. Na mtu huipata zaidi kwa kugusa damu au mimba iliyotupwa kuliko kwa kula nyama iliyopikwa. Basi wa kwanza hatarini ni mchinjaji, na wa pili Bwana Afya mwenyewe, mwenye kisu mkononi.

Kwa maziwa kazi ni ngumu zaidi. Chombo cha kupimia chafichua maji yaliyochanganywa. Ugonjwa wa kutupa mimba hakiufichui. Dawa yake ni moto. Lakini bomani mara nyingi mtoto hupewa maziwa yangali na joto la kiwele, kabla mkaguzi ye yote hajaamka.